Hitma ya Mama wa Kwenye Simu

Mama yangu, Bi Mwanarehema, hajawahi kusoma hata kitabu changu kimoja. Anavyo vyote, tena amevipanga kwenye kabati la vyombo pale sebuleni kwake Mtongwe, na mgeni akiingia huonyeshwa kabla hajaketi. Lakini kuvifungua, hapana. Anasema herufi zake ni ndogo kama chawa, na kwamba mwandishi anayemtakia msomaji mema hawezi kumtwika kazi ngumu hivyo.

Hadithi niliyotaka sana aisikie ni ile ya mama anayeuza mahamri na mbaazi kivukoni. Kila alfajiri mama huyo huchagua hamri moja zuri, akamwambia mwanawe: "Hili limeungua, wateja hawalitaki, kula wewe." Mtoto anakua akiamini kwamba alilelewa kwa vilivyoungua. Sikubuni kitu. Ndivyo mama yangu alivyonilea, nami niliacha tu kumtaja jina.

Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja. Mhariri akanipigia, akanisifu mpaka nikaona haya, kisha akaniuliza kama ningeweza kutia maswali ya marudio kila baada ya kurasa chache, maana hadithi isiyo na maswali shule hazinunui. Nikamuuliza, maswali gani? Akasema, "Kwa mfano, taja sababu za kuungua kwa mahamri." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Kwa hasira nikaibandika Facebook bure, na jina langu juu yake. Wakaipenda watu wachache, mmoja wao fundi wa friji ambaye hupenda kila kitu, hata matangazo ya msiba. Nikaisahau.

Siku moja dadangu Rahima, anayeishi na mama, akanitumia video ambayo simu yenyewe ilisema imesambazwa mara nyingi. Ilikuwa na picha ya bibi mwenye vidole sita akikaanga vitu vya duara, na mahamri kwetu yana pembe. Sauti ya mashine ilikuwa ikisoma hadithi yangu neno kwa neno. Mwishoni tu ndipo walipoongeza lao: mwana anarudi na funguo za nyumba mpya, anamkuta mama amekufa asubuhi hiyo hiyo. Kisha yakatokea maandishi: Mtumie mama yako kabla hujachelewa. Jina langu halikuwepo popote. Chini yake Rahima alikuwa ameandika, "Kaka, mbona wewe huandiki vitu kama hivi?"

Nilimwandikia mwenye ukurasa ulioandikwa pembeni mwa video ile nikimlalamikia wizi. Jibu lilikuja papo hapo: Asante kwa kuwasiliana nasi. Je, umeguswa? Bonyeza moja. Nikabonyeza moja. Nikatumiwa video ile ile. Nilikaa nikaitazama simu, nisijue nimkasirikie nani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia pamoja na wengine.

Basi nikaamua kwenda Mtongwe nikamwambie mama ana kwa ana: hadithi ile ni yangu, na mama yule ni wewe. Hilo tu ndilo nililolitaka tangu nianze kuandika, alijue yeye, hata dunia nzima isijue.

Ijumaa alasiri nikakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni. Rahima akatoka na sinia la tende.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hakuna. Ni hitma, twamsomea Kurani yule mama wa kwenye simu."

Mama mwenyewe akaja barazani, mtandio kichwani, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mwema. Maskini yule bibi wallahi kaniliza. Na huyo mwanawe asemaye humo, badala ya kumsomea mamake, kutwa yuko simuni ahadithia watu! Nikawaambia wenzangu, na tumsomee sisi." Akashusha sauti. "Nami nilikuwa nikikudanganya vile vile, wajua? Ati limeungua. Kumbe tulikuwa wengi."

Ndani walikuwa wameshamaliza kusoma. Mwalimu Mwanasaumu, anayewafundisha wanawake madrasa, akaita kutoka mkekani, "Bi Mwanarehema, twafika kwenye dua. Marehemu aitwa nani, binti nani? Lazima tumtaje."

Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mama akanigeukia.

"Najib, wewe msomi. Hebu litafute jina lake humo simuni."

Nyuso zote zikanielekea. Jibu nilikuwa nalo, lakini kulitamka pale ni kumtaja mama yangu miongoni mwa wafu, mbele ya majirani zake, na yeye amesimama anaona. Nikinyamaza, hatajua maisha yake yote. Niliona aibu, niliogopa, na sitaficha, nilikuwa na kiburi kidogo pia.

"Mama," nikasema, "hakufa."

"Nani kakwambia?"

"Hadithi ile niliiandika mimi. Yule ni wewe."

Rahima akaliweka sinia chini. Mama alinitazama, uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa ajili ya kitabu changu chochote, halafu furaha ile ikaingia mashaka.

"Wewe?" akasema. "Sasa mbona umeniua?"

"Si mimi, mama. Ni mashine. Ni watu wa... sijui ni nani."

"Basi nenda ukaandike upya. Sema yu hai."

"Nikiandika hawataiona. Hiyo nyingine iko kwenye simu za watu wote."

Nilingoja akasirike, au acheke, ningepokea chochote. Akanishika mkono akaniingiza chumbani mpaka ukingoni mwa mkeka, kama mtu aliyeleta mgeni.

"Mwalimu," akasema, "jina ni Mwanarehema binti Hamisi. Huyu ndiye mwanangu aliyeniandika. Niombeeni umri, maana huko kwa watu nishakufa, nami ndio kwanza nimesikia kuwa mwanangu alinijua."

Wakaitikia amin.