Kiherehere Changu Nyumbani kwa Wakwe wa Barasa

Kuna Jumamosi moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu bafuni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa stoo, mwenye suti moja ya rangi ya maziwa na ulimi usiojua kupumzika. Siku hiyo nilimsindikiza rafiki yangu Barasa kwenda Dandora, kujulikana kwa wazazi wa msichana aliyetaka kumwoa. Niliondoka nyumbani nikiamini kwamba bila mimi mambo yake yangeharibika. Kweli yalikaribia kuharibika yote, lakini ni kwa sababu nilikuwepo.

Barasa alikuwa jirani yangu pale mtaani Jericho, mlango kwa mlango. Surua ilimpofusha akiwa na miaka mitatu. Alisoma shule ya wasioona, akafundishwa kazi ya simu, na wakati huo alikuwa opareta katika ofisi moja mjini. Simu zote za ghorofa sita zilipitia kwake. Huko kwenye simu ndiko alikojuana na Nyambura, taipisti wa ofisi nyingine, ambaye alikuwa akipiga kumtafuta bosi wa Barasa. Baada ya miezi michache akawa anapiga hata bosi akiwa likizo.

Baba yake Nyambura, fundi seremala, hakufurahi. Hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Alikuwa baba tu, mwenye binti mmoja mkubwa na hofu nyingi. Alimwambia, "Mlete nimwone siku moja. Akiondoka hapa nitakuwa nimejua kama nitakubali au nitakataa, na usije ukanililia baadaye." Mjomba wa Barasa aliyepaswa kuja kutoka Kakamega kusema kwa niaba ya ukoo akaugua, ndipo nikachaguliwa mimi. Barasa aliniambia jambo moja tu: "Makokha, wewe sema kwamba nina watu, na kwamba watu wangu wamenituma. Mengine niachie." Nikasema sawa. Ah, mwanangu, nilisema sawa upesi mno.

Tuliposhuka kwenye basi nilishika ncha ya fimbo yake, nikaanza kumvuta kama anayepeleka mbuzi sokoni. Akasimama. "Nirudishie fimbo yangu," akasema, "kisha nipe kiwiko chako. Mimi ndiye nitakayekushika." Nikampa kiwiko, lakini mdomo sikuufunga. Dandora ya wakati ule ilikuwa bado inajengwa. Mtu alipewa kiwanja chenye jiko na choo, vyumba akajijengea mwenyewe kadiri ya uwezo wake, kwa hiyo kila ulipokanyaga kulikuwa na mchanga, mawe na mitaro ya msingi. Nami kila kitu nilikitangaza kwa sauti ya juu, mdomo wangu sikioni mwake: "JIWE! MCHANGA! MTOTO!"

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia alisimama, upepeo mkononi. "Wee kijana," akaniambia, "mbona unamgombeza huyo mtu? Amekukosea nini?"

"Mama, hata mimi nashangaa," Barasa akajibu.

Hata hapo sikujifunza. Niliona heri nimtangulie nikimtazama, nitembee kinyumenyume huku nimenyoosha mikono, ili nimwelekeze vizuri. Wazo hilo lilinipendeza sana. Nilipopaza sauti kwamba kuna mtaro mbele, mimi mwenyewe nilikuwa tayari nimeshaingia, mgongo kwanza, na ndani yake kulikuwa na maji ya mvua ya jana yake. Barasa alifika ukingoni polepole, akapapasa kwa fimbo, akainama.

"Makokha, umefika chini?" akauliza.

Akaninyooshea fimbo, nikaishika, akanivuta juu. Suti ya maziwa ilikuwa sasa rangi ya chai nzito, na bwana harusi mtarajiwa hakuwa na hata tone la tope kwenye viatu.

Nyambura alitufungulia mlango, na sebuleni tukapokewa na baba yake (mama yake alikuwa bado jikoni), na dada yake baba, mama mmoja mnene wa kucheka aliyeitwa Tata Wangari, pamoja na Cucu, yaani nyanya mzaa baba, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti cha pembeni. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu kamili. Barasa hakupewa nafasi hata ya kusalimu. Nilichukua mkono wake, nikaupachika kwenye kila mkono uliokuja, kana kwamba nilikuwa nagawa barua. Mzee wa watu hakuwa amewahi kuongea na kipofu, hakujua atazame wapi, basi akawa ananitazama mimi.

"Anatumia sukari?" akaniuliza.

"Vijiko viwili," nikajibu.

"Alizaliwa hivyo?"

"Hapana, mzee, ni surua."

"Na hiyo kazi yake, anaijua?"

"Anaijua sana! Anazijua namba zote kwa kichwa!"

Nikaeleza kazi, nikaeleza ukoo, nikaeleza kanisa anakosali na chakula anachopenda. Barasa alifungua mdomo mara mbili tatu, lakini kila mara nilikuwa nimeshamjibia. Chai ililetwa, nikaipokea kwa niaba yake, nikaiweka mezani mahali ambapo sikumwambia. Cucu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Tata Wangari kwa Kikuyu, lugha niliyokuwa nimeiokota kidogo kule stoo: "Huyu wa matope ndiye anayemtaka Nyambura? Naona ana bidii ya kuongea, lakini hatazami anakokwenda."

Ungedhani hapo ningeshtuka. Wapi! Nilimwona Barasa ameuma meno, nikadhani ni woga, nikazidisha.

Matope yalipoanza kukauka yakaniwasha vibaya. Nikanyanyuka kimya kimya nikaenda kunawa kwenye mfereji wa maji uani, bila kumwambia mtu yeyote, hata Barasa mwenyewe. Niliporudi na suruali inayochuruzika maji nilisimama mlangoni, kwa sababu nilisikia jina langu. Barasa alikuwa ameinama kuelekea kiti changu kitupu, ananong'ona, naye mzee ameketi hatua mbili mbele yake.

"Makokha, nakuomba unyamaze. Mzee anataka kujua mimi ni mtu wa namna gani, na tangu tuingie hajaisikia sauti yangu. Nikimkosa Nyambura leo, haitakuwa kwa sababu ya macho yangu. Itakuwa kwa sababu yako."

Tata Wangari alikuwa ameshika sinia, akabaki ameshika sinia. Mzee alitazama kiti, akamtazama Barasa, akakitazama kiti tena. Nami pale mlangoni nilijichukia, mwanangu, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimemwacha rafiki yangu aombe heshima yake kwa kiti.

Mzee akakohoa kidogo. "Makokha ametoka nje kunawa," akasema taratibu. "Hayo uliyosema nimeyasikia mimi."

Uso wa Barasa ulibadilika. Nilidhani atainuka aondoke, na angeondoka ningemfuata hadi Jericho bila neno. Lakini alijikaza, akakaa wima. "Basi, mzee, kwa kuwa umeshanisikia, niulize mwenyewe. Nitakujibu."

Na mzee akauliza, tena hakumwonea huruma. Akauliza juu ya kodi ya nyumba, akauliza juu ya ugonjwa, kisha akauliza lile lililokuwa likimkera siku zote: "Mkijaliwa mtoto, na mama yake hayupo, utajuaje mtoto ana shida?"

"Atalia, mzee," Barasa akasema. "Nitaamka. Wewe wako walipolia usiku gizani, uliwajuaje?"

Mzee akafungua mdomo kujibu.

"Sema kweli, kaka!" Tata Wangari akadakia. "Huyu alikuwa anakoroma. Ni mama yao aliyekuwa anaamka!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka, kwa shida kidogo. Ndipo akaona kikombe. "Chai yako imepoa, mbona hunywi?"

"Sikujua nimepewa," Barasa akasema.

Mzee alinitupia jicho ambalo sitalisahau. Akamwaga ile ya baridi, akammiminia nyingine, akaiweka, na akasema, "Kikombe kiko mbele yako, upande wa mkono wa kulia." Yeye, aliyeanza siku ile bila kujua atazame wapi, alikuwa ameshanipita kwa masomo.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini akina mama wa familia ile walikuwa na mchezo wao. Mkwe akija mara ya kwanza, wasichana watano walifunikwa leso kutoka kichwani hadi chini ya magoti, wakapangwa mstari bila kusema neno, naye achague aliye wake. Akikosea, alitozwa kreti mbili za soda, na alichekwa hadi siku ya harusi. Muda si muda leso tano zikaingia sebuleni, zikapangwa mstari. Ulikuwa mchezo, ndiyo, lakini nilimwona mzee amevuka mikono, anangoja, na nikajua akikosea Barasa haitahesabiwa mchezo. Watasema walijua tangu mwanzo.

"Jamani!" nikapayuka. "Huyu haoni! Mtoeni katika mambo haya!"

"Na wewe unaona nini hapo," Tata Wangari akaniuliza, "mbali na leso tano?"

Barasa akauliza, "Wakwe wenu wengine walichagua?"

"Wote."

"Basi na mimi nichague."

Sasa, mwanangu, nilikuwa na siri yangu. Nyambura alipotufungulia mlango alikuwa amevaa viatu vyekundu, na chini ya leso ya tatu viatu vyekundu nilikuwa naviona. Nikamsogelea Barasa, na tulipofika kwa wa tatu nikamfinya mkono. Hakushtuka. Nikamfinya tena kwa nguvu.

"Mzee," Barasa akasema kwa sauti, "kuna mtu ananifinya. Ni desturi ya hapa?"

Leso zote tano zikatikisika. Nikarudi nyuma, masikio yanawaka moto. Barasa akasimama katikati ya sebule, fimbo mbele yake, akazungumza kama mtu anayetoa taarifa kanisani.

"Kabla sijachagua, niseme kitu mbele ya baba yake, tusije tukalaumiana. Nyambura ameniambia mambo mengi kwenye simu. Ameniambia kwamba Krismasi iliyopita ni yeye aliyeunguza sufuria nzima ya pilau, akamsingizia mdogo wake, na mdogo wake akagombezwa bure."

"Uongo!" ikalia leso ya tano. "Sikusema hivyo! Ni Wambui aliyeunguza!"

Barasa akageuka upande wa sauti, akatabasamu. "Habari ya mchana, Nyambura."

Zilipigwa kelele hapo hadi majirani wakatoka nje. Mwenye viatu vyekundu akacheka hadi leso ikamwanguka, na ndani yake alikuwa Cucu, ambaye walikuwa wamembadilishia viatu na Nyambura kwa makusudi. Akaninyooshea kidole kilichopinda. "Wewe wa matope!" akasema kwa Kiswahili safari hii, ili nisikose hata neno. "Ulitaka anioe mimi!"

Mzee alicheka akafuta macho kwa kitambaa. Kisha chakula kikatengwa uani, watu wakaanza kutoka, na yeye akamwendea Barasa. Nilimwona amenyoosha mkono kuishika ile fimbo, kama nilivyofanya mimi kule stendi. Mkono ukasimama hewani. Akaurudisha.

"Barasa," akauliza, "nikushike mkono, au wewe utanishika?"

"Nitakushika, baba."

Neno lile la mwisho lilimtoka Barasa kabla hajalipima, na sote tulilisikia. Mzee hakulikataa. Alimpa kiwiko, wakatoka pamoja taratibu, wakiongea habari za mbao, nami nikafuata nyuma, nimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Sasa nisikilize. Ukimkuta mtu asiyeona, msalimie na umtajie jina lako, usimchezee mchezo wa kumuuliza kama anaijua sauti yako. Muulize kama anahitaji msaada. Akisema hapana, hajakutukana, endelea na safari yako. Akisema ndiyo, mpe kiwiko na uende hatua moja mbele, uso ukitazama mbele, jamani, mbele. Ukimletea kikombe mwambie kilipo. Usimpigie kelele, masikio yake ni mazima. Swali lake liulize kwake, lisipitie kwa jirani, na likielekezwa kwako, funga mdomo ajibu mwenyewe, hata kama jibu unalijua. Na ukiondoka alipo, mwambie unaondoka. Nimekosea mengi katika maisha, lakini kile kiti kitupu ndicho kinachoniuma hadi leo.

Huruma yangu siku ile ilikuwa ya kweli kabisa, nami kwa huruma hiyohiyo nilikaribia kumkosesha mke. Mwenzako hahitaji uwe macho yake, anataka umwone kuwa ni mtu kama wewe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulindie macho yako hadi uzeeni, na siku akiona vema kuyachukua, akupe jirani anayeuliza kwanza.