Aliyefungua Kabati

Mshonaji tunayemwita Kipimo haamini mita ya mtu mwingine. Mpelekee kitambaa ulichopimiwa dukani, atakipima tena mbele yako, na kikipungua vidole viwili atakutajia duka kabla hujalitaja. Mimi nilimuuzia kompyuta mbili zilizotumika. Siku ya kununua alikaa dukani kwangu tangu asubuhi hadi saa saba mchana, anazima, anawasha, anauliza zilikuwa za nani na kwa nini mtu auze kitu kizima. Sikukasirika. Mteja anayeuliza sana kabla ya kununua hakusumbui sana baadaye.

Kompyuta moja aliiweka chumba cha kushonea. Ya pili, kuukuu zaidi, aliisukuma chini ya meza ya televisheni sebuleni, haina kioo wala kibodi. Kazi yake ilikuwa kutunza michoro ya kukatia: kola, mikono, viuno, miaka kumi na minne ya kazi, yote ameipiga picha moja moja ili panya na unyevu wasiipate. Akaipa jina Kabati. Akiwa kwenye cherehani anaandika "kabati" kwenye kompyuta ya kwanza, na michoro inafunguka.

Sasa, kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba, na namba hizo hugawiwa na rauta, kile kisanduku chenye vitaa kinacholeta intaneti nyumbani. Ili jina lifanye kazi, lazima pawepo anayekumbuka kwamba Kabati ni namba fulani. Siku ya kufunga nilikuwa na haraka. Niliandika mstari mmoja ndani ya kompyuta ya kushonea, kwamba Kabati ni namba saba, nikamwambia, "Dada, Kabati ni saba. Ikitokea shida, angalia saba." Akaiandika kwa chaki ukutani.

Ukapita mwaka bila neno. Kisha wifi yake akaja kukaa.

Wifi, yaani dada wa mumewe, alikuwa amepata kazi duka la dawa mtaa wa pili, na chumba cha kupanga hakuwa nacho. Mume, dereva wa malori ya safari ndefu, alipiga simu kutoka huko aliko: mpokee, ni damu yangu. Kipimo akampokea. Alimpa chumba cha nyuma, kitanda, na onyo. "Jisikie uko kwako, wifi. Ila cherehani usiguse."

Jumatatu ya wiki ya tatu Kipimo aliandika "kabati", hakikufunguka kitu. Akaandika tena, akikagua herufi kama anayekagua noti. Hakuna. Jumamosi alitakiwa kutoa makoti sita ya wahudumu wa hoteli, na mchoro wa kola ulikuwa humo. Isitoshe, asubuhi ile ile alikuwa ameona koti limening'inia kwa mshonaji wa ng'ambo ya barabara, kola imekatwa vilevile kama anavyokata yeye. Mtu kama Kipimo hahitaji kuonyeshwa jambo la tatu.

Alimkuta wifi jikoni, anachemsha maji ya chai.

"Wifi, kuna mtu amegusa kabati?"

"Mimi," akasema wifi. "Jana. Lilikuwa limejaa mno, nikatoa vyako nikatia vyangu."

"Vyangu umepeleka wapi?"

"Viko pamoja, nimevifunga. Vingine vimepitwa na wakati, wifi yangu. Hata ukimpa mtu bure atapokea shingo upande."

"Umeshampa mtu?"

"Bado. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Kipimo alirudi kwenye kompyuta akafungua ukurasa wa rauta. Hilo nilimfundisha mwenyewe, kwa kuwa alishuku majirani wanamnyonya intaneti. Pale pana orodha ya kila kifaa kilichomo nyumbani, na namba yake. Akashuka kwa kidole hadi saba. Hapo kwenye saba Kabati halikuwepo. Ilikuwepo simu, aina ile ile anayotembea nayo wifi, na Kipimo hakushuka zaidi.

Akampigia mumewe. "Dada yako ni mwizi. Nimemkamata kwenye namba." Akamwambia wifi afungashe, adhuhuri isimkute. Mwisho akanipigia mimi, na wala si kwa ajili ya matengenezo. "Njoo ushuhudie," alisema.

Nilifika saa tano. Wifi alikuwa sebuleni, amekalia sanduku lake kama abiria aliyecheleweshewa gari.

"Nimelala humu siku ishirini," akaniambia. "Leo naambiwa nimeiba kola. Mtu akiiba kola anaipeleka wapi?"

"Ng'ambo ya barabara," akajibu Kipimo.

Sikumwamini wifi, na sikumwamini Kipimo vilevile. Katika vitu vilivyotumika kila mwenye mali ana hadithi yake, na mali ina yake. Nilianza na mali.

Niliingia chumba cha kushonea, wote wawili nyuma yangu, nikaiuliza kompyuta Kabati ni nani. Ikajibu saba, bila kusita. Nikaiita saba, ikaitika.

"Wifi, hebu zima intaneti kwenye simu yako."

Akazima. Saba ikanyamaza.

"Umeona?" akasema Kipimo.

"Nimeona simu. Kabati bado sijaliona."

Nikabeba kioo na kibodi hadi sebuleni, nikapiga magoti chini ya meza ya televisheni na kuchomeka nyaya. Mashine ilikuwa hai, haina habari na ugomvi wa watu. Namba yake ilikuwa kumi na moja. Michoro ilikuwemo yote.

"Kuwemo si hoja," Kipimo akasema. "Mchoro ukinakiliwa haupungui."

Alisema kweli. Nikamfungulia daftari la mashine, inamojiandikia yenyewe kila anayeingia. Tangu niifunge, mlango wake ulikuwa umefunguliwa na mmoja tu, kompyuta ya kushonea. Alisoma mistari yote, wa kwanza hadi wa mwisho, midomo ikicheza.

"Sasa namba ilihamaje?"

"Rauta ilizimwa juzi au jana?"

"Mimi niliichomoa," akasema wifi. "Nilitaka tundu la pasi."

"Kila kitu wewe," akasema Kipimo.

"Rauta ikizimwa husahau," nikawaambia. "Ikiwaka hugawa namba upya, na anayewahi hupata. Simu ya wifi iliwahi, ikapewa saba. Kabati likachelewa, likapewa kumi na moja. Kompyuta yako ikabaki inagonga mlango wa saba."

"Kwa nini igonge saba?"

Hapo ningeweza kuitupia rauta lawama yote, na rauta haina mdomo. Lakini Kipimo angeendelea kuuliza mpaka afike, na muuzaji anayekamatwa akificha kosa hulazimika kushusha bei.

"Kwa sababu nilikuandikia hiyo saba kwenye kompyuta yako tu. Nilipaswa kuiambia rauta kwamba namba ile ni ya Kabati siku zote, mwingine asipewe. Sikufanya. Kosa langu."

Kipimo aliniangalia kama anavyoangalia kitambaa kilichopunjwa.

"Na yeye alikiri lipi? Katoa vyangu, katia vyake. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Kwenye kabati," akasema wifi polepole. "La chumba cha nyuma. La mbao. Lenye mlango unaolia. Kwani humu kuna kabati jingine?"

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lipo jingine, chini ya meza ya televisheni. Alituongoza chumbani, akavuta mfuko nyuma ya mlango na kuumwaga kitandani: magauni tisa.

"Ya enzi zako za kiuno chembamba," akasema.

Kipimo aliyahesabu, kisha akayahesabu tena.

"Na kola ya huyo jirani?"

"Ana macho," nikamwambia. "Makoti yako yanatembea hotelini mwaka wa pili huu, mchana kweupe."

Tulirudi sebuleni. Kipimo akasimama karibu na sanduku, asiliguse.

"Lirudishe ndani, wifi."

"Umemwambia kaka yangu mimi mwizi. Mpigie. Kwa mdomo ule ule, na mimi nikisikia. Usipompigia, natoka, na nikitoka sirudi."

Kipimo hakuzoea kupangiwa masharti nyumbani kwake. Hata hivyo alimpigia mumewe, akaweka sauti nje. Mlio wa lori ukajaa sebule.

"Dada yako hajaiba," akasema.

"Si ulisema umemkamata kwenye namba?"

"Namba ilihama."

"Namba inahamaje, mke wangu?"

"Ongea na aliyeiacha ihame," akasema Kipimo, akaninyooshea simu.

Wifi akainuka, akaburuta sanduku hadi chumba cha nyuma. Mlango akauacha wazi, apate kunisikia vizuri.