Siku Niliyomtembeza Mamkubwa Unguja

Mjomba alipopiga simu, hakuitikia shikamoo yangu. Aliuliza tu, "Dada yangu yupo hapo karibu?" Nikasema ndiyo, tupo Unguja, tumeshuka kwenye boti muda si mrefu, anaangalia bahari. "Sogea pembeni," akasema. Nikasogea hadi kwenye ukuta wa Ngome Kongwe, na hapo akaniambia kwamba mtoto wa tatu wa mamkubwa amefariki asubuhi hiyo kwa ajali ya pikipiki, huko kwao Njombe.

"Usimwambie. Hakikisha amekula. Mlete Dar, nyumbani kwako Tabata, utatukuta."

Nieleze kidogo, kwa msomaji ambaye kwao hawafanyi hivi. Kwetu mtu haambiwi msiba wa mwanawe njiani. Anaambiwa akiwa ameketi, tumboni mna chakula, na wapo watu wa kumshika. Aliye naye wakati habari inafika ndiye anayeibeba hadi nyumbani, na kazi yake ni moja: uso wake usiseme. Boti ya mchana ilikuwa imejaa. Yetu ilikuwa ya saa kumi. Nilikuwa na saa sita za kumtembeza mama aliyefiwa na hajui.

Nilirudi, nikaomba simu yake nimpige picha. Nikampiga mbili, kisha nikaizima.

"Imeisha chaji," nikasema.

"Asubuhi si ilikuwa imejaa?"

"Picha zinakula sana chaji, mamkubwa."

Marehemu alikuwa kaka yangu. Likizo zote za utoto tulikula sahani moja. Nilisubiri nitetemeke, sikutetemeka. Kilichokuja ni ganzi, kama ya mdomo baada ya kuchomwa sindano ya jino. Lakini mimi ni mwalimu wa historia, na mdomo wa mwalimu unaweza kufanya kazi peke yake. Tukaingia vichochoroni, nami nikaanza kueleza: kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, njia ni nyembamba ili jua lisifike chini.

"Hawa wakigombana, hata pa kurushia ngumi hakuna," alisema.

Mbele ya mlango mkubwa uliochongwa aligusa miba ya shaba. Nikamwambia inasemekana mtindo huo ulitoka India, ambako miba iliwazuia tembo wasisukume milango.

"Tembo huku? Alikuja na boti gani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Muuza kofia aliyekaa kibarazani akacheka naye. Na mimi nikacheka. Nilikisikia kicheko changu kikitoka sawasawa, kama cha mtu mwingine.

Saa sita nikampeleka kula pilau. Saa nane nikamkalisha tena mbele ya bakuli la urojo.

"Wewe mtoto, unaninenepesha kama nguruwe wa Krismasi?"

"Mamkubwa, punguza sauti. Tupo Unguja."

Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Akamaliza bakuli lote.

Sokoni Darajani alisimama kwenye duka la nguo, akainua shati la bluu. "Kaka yako siku hizi mabega yamepanuka. Hili litamtosha?" Nililishika, nikalipima kwa macho, nikamwambia achukue kubwa zaidi. Akachukua kubwa zaidi. Nililibeba mimi.

Kama siku moja zamu hii itakuangukia, usijishangae ukikuta hulii, wala usijiite mbaya. Ganzi ndiyo itakayokuwezesha kutembea. Ifuate tu, jambo moja kisha jingine: vuka barabara, nunua maji, jibu swali.

Kwenye boti ya kurudi tulikaa karibu na dirisha. Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Leo hata msalani hukuniacha niende peke yangu," akasema.

Nikauweka vizuri mfuko wa shati mapajani.

"Umenilisha mara mbili. Simu umeizima. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwaka wa ngapi huu? Unadhani ni wangapi nimewanywesha chai hivi hivi?"

Nikafungua mdomo. Siku nzima ulikuwa umefanya kazi, sasa haukuwa na kitu. Akanikamata mkono, akaubana kwa nguvu.

"Usinitajie. Nina watoto wanne. Niache nifike Dar nina watoto wanne."

"Sawa, mamkubwa."

"Na usilie humu ndani, watu watatuangalia."

"Silii."

"Naona."

Hakuuachia mkono wangu. Watu nyuma yetu walikuwa wakibishana kuhusu mpira, mmoja akiapa kwamba lile lilikuwa goli halali. Majengo ya Dar yakaanza kuonekana. Mamkubwa akasogeza uso kwenye kioo, akaonyesha mnara wa kanisa ulio karibu na bandari, akauliza kanisa lile walijenga akina nani. Nikamwambia Wajerumani, wakati wa utawala wao. Akauliza jengo la pembeni yake. Nikamweleza. Akauliza ghorofa refu la vioo, nikamwambia hilo silijui.

"Basi tunga," akasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Wewe endelea kusema tu."

Nikatunga, taratibu, mpaka boti ikafungwa kamba.