Kengele iliyolia wodini Kakamega bila mtu kuisikia

Wakuu, nawasalimu kutoka Kakamega. Nitakayoeleza niliyaona kwa macho yangu, na bado yananitetemesha.

Nimesomea uhandisi wa majengo. Hospitali moja ndogo ya binafsi ilipokuwa ikijengwa hapa mjini, kazi yangu ilikuwa kukadiria kelele za mitambo zitakazofika vyumbani. Unachukua sauti ya kila mashine, unatoa ile inayozuiwa na ukuta, unaongeza ile inayorudishwa na vigae, kisha unajumlisha mashine zote zikiwaka pamoja.

Hapo pa mwisho ndipo nilipoogopa.

Jenereta na kompresa ya hewa zilipakana na wodi ya watoto wachanga. Kwa hesabu yangu, stima ikipotea, nesi hatasikia kengele ya mashine ya kumtunzia mtoto joto.

Nilimweleza mkandarasi. Akacheka.

"Dada yangu, watoto wa huku huzaliwa mvua ikipiga mabati na wanalala fofofo!"

Nikamjibu kwamba sihofii usingizi wa mtoto, nahofia masikio ya nesi. Akaenda zake.

Kwetu jengo halitumiki kabla ya kuombewa. Alasiri ya maombi tulijaa wodini; watoto wa kwanza wangeingia jioni. Mvua ikashuka kama kawaida yake, stima ikapotea. Jenereta ikanguruma, kompresa ikafuata. Mchungaji akapaza sauti, wote wakafumba macho.

Mimi sikuweza.

Mashine moja ya joto, tupu, ilikuwa imeachwa mlango wazi baada ya wageni kuonyeshwa. Joto lilikuwa limeshuka. Taa yake nyekundu ilimemeta, maana yake kengele inalia. Sista Rose, msimamizi wa wodi, alisimama kando yake, kichwa ameinamisha.

Amina ikaitikiwa, watu wakanyamaza. Bado sikusikia kitu ila mngurumo.

Nikamgusa Sista bega, nikamwonyesha taa. Akainamisha sikio hadi likakaribia kugusa mashine. Uso ukambadilika.

"Inalia tangu lini?"

"Tangu mchungaji alipoanza kuwaombea manesi."

Akamgeukia mkandarasi. "Watoto hawaingii humu."

"Lakini Sista, tumeshaomba!"

"Mungu amesikia, bwana. Ni mimi ambaye sikusikia."

Jenereta inahamishwa sasa. Hofu yangu haijahama, kwa sababu kuna wodi nyingi ambazo hakuna aliyezipigia hesabu hii. Nimejifunza kwamba ukimya wa chumba kitupu, mitambo ikiwa imezimwa, si ushahidi wa lolote.

Manesi na wahandisi mliomo humu: washeni mitambo yote, fumbeni macho, mwenzenu aiwashe kengele. Kisha mniambie mlichosikia.