Mikebe Mitano Imenishinda Leo

Leo nimeaibika mbele ya wajukuu wanne, hapa Thika mjini.

Mcheke tu. Mimi nimeshamaliza kukasirika.

Kwa maonyesho kulikuwa na hema la kupiga mikebe na bunduki ndogo ya hewa. Wajukuu wakanisukuma mbele. Hadithi yangu wanaijua: miaka ya hamsini nilikuwa askari wa shamba la mkonge, na kwa shabaha hakuna aliyenifikia mpaka Ruiru.

Risasi ya kwanza, mkebe umekaa.
Ya pili, umekaa.
Ya tano ilitoboa turubai.

Kijana mwenye hema ana heshima. Akasema, "Guka," yaani babu, "ni upepo."

Tulikuwa ndani ya hema.

Basi nikajitetea. Nikawaeleza tena vile koplo wetu alikuwa anatulaza chini kila asubuhi na bunduki tupu, senti kumi imewekwa juu ya mtutu. Unavuta kifyatulio, na senti isianguke. Kila siku, hata Krismasi.

"Hiyo ndiyo siri," nikawaambia. "Mazoezi."

Mke wangu, Mama Nekesa, alikuwa amekaa hapo nyuma na kiondo chake.

"Baba Nekesa, bunduki ya shamba ulirudisha lini?"

"Hamsini na tisa."

"Sasa tangu hiyo siku umekuwa ukifanyia mazoezi hadithi peke yake," akasema. "Na hiyo, kusema ukweli, hujawahi kukosa."