Shati la Waziri wa Siku Tisa

Mimi sikusoma sana, lakini cherehani naijua. Nashona katika duka la mama mmoja Mhindi huku mtaa wa Point. Yeye alizaliwa India kabisa, akaletwa Durban na ndoa. Ananiita Gogo, kama Wazulu wanavyoita bibi. Mimi namwita dada, maana ni mdogo kwangu.

Dada huyu alikuwa hasemezani na kaka yake. Baba yao alikufa akiwa mtu wa chama kimoja kule jimboni kwao, na kabla matanga hayajaisha, kaka akahamia kwa wapinzani wa baba. Dada akafuta namba yake. Miaka kumi na moja! Nilimgombeza mara nyingi: "Siku ukiugua, chama ndicho kitakuletea uji?"

Asubuhi moja akaingia na simu mkononi. "Gogo, wameungana!"

Uchaguzi wa jimbo haukutoa mshindi, basi vile vyama viwili vilivyotukanana miaka yote vikaunda serikali ya mseto. Kaka yake amekuwa waziri wa umwagiliaji.

"Sasa mko upande mmoja," nikasema. "Mpigie."

"Nitasema nini?"

"Usiseme kitu. Tuma picha."

Kwetu Bukavu, Kongo, mtu akitajwa waziri, ukoo mzima unavaa kikwembe kimoja, yaani kitenge cha sare, na yeye anashonewa shati la kitambaa kile kile. Nilidhani ni hivyo dunia nzima. Sikuuliza. Nikachagua kitambaa cha bluu chenye ndege, nikashona wiki nzima: gauni lake, shati la mumewe, nguo za mabinti wawili. Likabaki shati la kaka.

"Mabega yake yakoje?"

"Kama ya baba." Akanionyesha kwa mikono, na mikono ikabaki hewani.

Mumewe alicheka sana. "Gogo, kwetu waziri anavishwa shada la maua na shali. Hivi watadhani sisi ni kwaya!" Lakini alivaa. Wakapigwa picha ufukweni South Beach, shati la kaka wamelishika katikati yao. Dada akaomba namba ya kaka kwa shangazi yao, akamtumia picha.

Siku ile ile serikali ikaanguka. Wabunge wachache walihama kabla ya kura ya imani. Siku tisa tu. Waziri hata kiti chake hakijapata joto. Vyama vikarudi kutukanana.

Kwenye simu alama mbili ziligeuka bluu. Ameiona picha. Jibu hakuna.

"Atadhani namcheka," dada akasema.

Mimi si mtu wa kuomba msamaha ovyo. Lakini nilisimamisha cherehani. "Dada, nimekosa. Nilikuvalisha desturi ya kwetu bila kuuliza ya kwenu."

"Kunja hilo shati, Gogo."

Nikalikunja.

Siku ya tatu simu ikalia juu ya meza ya kukatia. Akatokea kwenye kioo mwanamume mwenye mvi, mabega mapana. Kisha akasema neno kwa lugha yao, na dada akacheka huku analia.

"Anasema nini?" nikauliza kwa ukali, maana shati nililishona mimi.

"Anasema yeye si waziri wa mtu tena. Anauliza kama shati bado lipo."

Nikalikunjua, nikalinyoosha mbele ya simu. "Mwambie avue koti, asimame. Nione mikono. Naona ya shati nimeikata mifupi."