Sikio la Fundi Mwigulu

Watu wenye dhahabu ni wepesi kudanganyika, na hapa Geita tunao wengi. Kwa miaka sita waliamini kwamba Mwigulu, Baba Noela, ndiye fundi mwenye sikio kali kuliko wote mjini. Gari likitoa mlio usioeleweka walimpelekea yeye, wakati mimi, fundi kama yeye, niko palepale, kiwanja kimoja cha gereji, mikono mitupu. Eti Mwigulu angemsikia hata sisimizi akipita kwenye injini. Ujinga mtupu.

Kazi yake aliifanya hivi. Kwanza alimsimamisha mteja mbele yake akamwambia, "Niigizie huo mlio." Basi utamwona mtu mzima, ana kitambi na saa ya bei mbaya, anabinua midomo na kusema ngwii, ngwii, ko-ko-ko, na Mwigulu anamtazama mdomoni kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nageukia ukutani nisicheke. Kisha walipanda gari. Mwigulu alivua viatu, akaliendesha polepole kwenye mashimo, akakata kona huku na huku, akafunga breki, kiganja kimoja kwenye gia. Kuvuma kukizidi anapokata kushoto, beringi ya kulia imechoka. Kukwaruza kwenye breki, pedi zimekwisha. Alikosea mara chache sana, na hilo liliniudhi.

Lililoniudhi zaidi ni dharau yake. Asubuhi nikifika namkuta ameinamia injini, namwamkia, "Shikamoo, Baba Noela." Kimya. Miaka miwili nauamkia mgongo wake na hauitikii. Kwetu Usukumani, mkubwa asipoitikia salamu yako amekwambia wewe si kitu. Na mimi nikaamua yeye si kitu.

Siku moja rimu nne zilianguka nyuma yake juu ya saruji. Kuku waliruka, mama ntilie akamwaga uji. Mwigulu akaendelea kukaza nati. Hapo nikaelewa. Kabla ya kushika spana alisimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, miaka kumi na miwili bila kuziba masikio. Kusikia alikuacha hukohuko. Bingwa wetu wa milio alikuwa kiziwi. Alisoma midomo ya wateja, na mtikisiko wa gari aliupapasa kwa nyayo.

Mtu mwenye utu angemsamehe zile salamu. Mimi nilifurahi. Nilijua siri ile ikitoka Mwigulu hana kazi, na ada ya shule ya binti yake Noela hana.

Nafasi ilikuja na Salmini, mnunuzi wa dhahabu ambaye hawezi kununua hata soda bila kutangaza. Gari lake jeupe lilikuwa likigonga upande wa mbele. Mwigulu akashika usukani, Salmini akakaa kando yake, mimi nikajipakia nyuma, eti nikajifunze. Tulipoingia barabara ya Katoro niliusikia mlio vizuri, ko, ko, na moyoni nikasema ni bushi tu, zile raba za kwenye mikono ya tairi.

Nikaita kwa sauti ya kawaida, "Baba Noela." Salmini akageuka. Mwigulu hakugeuka. Nikaita tena. Salmini akamtazama dereva, akanitazama mimi.

"Ni kiziwi, bosi," nikasema. "Muulize chochote."

"Fundi, una watoto wangapi?" Salmini akauliza, uso ameuelekeza dirishani. Hakujibiwa. Akaanza kutabasamu.

Ghafla Mwigulu akapunguza mwendo na kutoa gari nje ya lami, taratibu, kabla ya ule mteremko mkali wa njia ya Katoro. "Shukeni," akasema. "Boljointi ya kulia imekwisha. Tungeanza kushuka, tairi lingelala na sisi tungelala nalo." Akapiga jeki, akafungua tairi, akachokonoa kwa nondo. Boljointi, kile kifundo kinachoshikilia tairi, ikachomoka mkononi mwake kama jino bovu. Mimi niliyesikia kila kitu nilikuwa nimesema bushi.

Bodaboda alileta spea kutoka mjini, Mwigulu akaifunga. Muda wote huo, hatua tatu kutoka kichwani pake, mimi na Salmini tulikuwa tunamjadili. Nilimweleza habari za karasha, za midomo, zote. Yeye alikuwa chini akikaza, akiamini anaokoa jina lake.

Alipoinuka akafuta mikono. "Tayari, bosi. Twende ujaribu."

"Usiguse tena gari langu," Salmini akasema, na sasa alimwelekea usoni. "Fundi asiyesikia atanisikilizia nini? Watu wangu wote watajua." Ufunguo akanipa mimi. Mtu aliyekuwa ameokolewa muda si mrefu uliopita! Pesa haimpi mtu akili, lakini nani atamwambia.

Mwigulu alinitazama mimi, si yeye. "Bhebhe Boaz, wewe," akasema, "nilikukosea nini?"

Ningeweza kumjibu. Nilifunga mdomo, kwa sababu nilijua angeusoma. Nikaingia kwenye gari nikawasha. Alirudi mjini kwa bodaboda, na mwezi huohuo aliuza vifaa vyake.

Wateja wote sasa ni wangu. Juma lililopita Mwahija, mke wa Salmini, aliniletea gari lake linagonga mbele. Nililiendesha, nikakata kona, nikafunga breki, nikainamisha kichwa kama mtu anayejua. Mlio niliusikia sawasawa. Unatoka wapi, sikujua. Nikasema bushi, nikabadilisha bushi, Mwahija akashukuru, akawapakia watoto wake watatu, wakashika barabara ya Katoro. Niliendelea kuusikia ule mlio, ko, ko, mpaka walipokata kona.